Kicheko cha Aliyeachwa

Mwaka 1985, Marekani ilitoka filamu ya Better Off Dead, ambayo mwongozaji wake, Savage Steve Holland, aliitoa katika kisa chake mwenyewe cha kuachwa na mpenzi ujanani. John Cusack anaigiza Lane, mwanafunzi aliyetemwa kwa ajili ya bingwa wa kuteleza kwenye theluji. Lane anatamani kufa. Lakini mtoto wa kusambaza magazeti anamfukuza kwa baiskeli, akidai dola zake 2! Hapo ndipo ninapoipendea. Kijana aliyeachwa huona dunia imesimama, na bado madeni yanamfuata mlangoni. Wazazi, mwanenu akicheka filamu ya namna hii, msimgombeze. Kaeni naye, mumuulize anaendeleaje. Lane mwenyewe alinyanyuliwa na Monique, msichana Mfaransa wa jirani, aliyeshika spana akamtengenezea gari lake bovu.