Nani Anatangulia Moyoni?



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si wa udaktari. Lakini wenzetu wa kitivo cha tiba ninaoswali nao hapa chuoni wamenifundisha jambo lililonizindua, nami napenda tulizingatie pamoja.

Mwaka 1987, Anthony Gristina, daktari mpasuaji wa mifupa wa Marekani, aliandika katika jarida la Science kuhusu vitu vinavyopandikizwa mwilini, kama vile vyuma vya kuungia mifupa na nyonga za bandia. Vitu hivi hutengenezwa ili mwili uvikubali. Kwa nini basi baadhi yake hushikwa na maradhi? Alieleza kwamba chuma kikishaingia mwilini, mashindano huanza juu ya uso wake. Seli za mwili zinataka kukishika, na bakteria nao wanataka kukishika. Anayetangulia ndiye mwenye nyumba.

Seli zikitangulia, bakteria hukosa pa kukaa. Wakitangulia bakteria, hujenga utando wa ute na kujificha ndani yake. Humo, dawa ya kawaida huwashinda kwa tabu sana. Huenda ikahitajika mara mia, hata mara elfu ya kiasi chake. Ndipo mara nyingi madaktari hulazimika kupasua tena na kukitoa chuma. Binamu yangu aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda ameyapitia hayo: chuma kikawekwa, usaha ukatoka, chuma kikaondolewa, na muhula mzima wa masomo ukampita akiwa kitandani.

La kutisha zaidi ni kwamba baadhi ya bakteria hao si wageni. Yuko aitwaye Staphylococcus epidermidis, anayeishi juu ya ngozi ya kila mmoja wetu bila kumdhuru. Madhara yake huja anapopata mahali patupu.

Ndugu zangu, je, nyoyo zetu si hivyo hivyo? Katika Suratul Mutaffifin Allah (S.W.) anatutajia nyoyo zilizoshikwa na kutu kwa sababu ya maovu ya wenyewe. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mja akitenda dhambi, doa jeusi huwekwa moyoni mwake. Akiacha na kutubia, moyo husafika. Akirudia, doa huongezeka mpaka likauenea moyo wote.

Tunafika chuoni tukiwa mbali na wazazi, na chumba ni chetu wenyewe. Nafasi hiyo haibaki tupu hata wiki moja. Tukifumbua macho alfajiri, kinachotangulia ni dhikri au ni simu? Mwaka wa kwanza, wanaotangulia kuwa rafiki zetu ni akina nani? Dhambi tunayoiita ndogo, tuliyoizoea kama ngozi yetu, inangoja nafasi tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapasuaji hutoa dawa ya kinga kabla kisu hakijagusa ngozi, hawangoji usaha. Nasi tuuwahi moyo: Swala ya Alfajiri kwa wakati wake, kurasa chache za Qur'ani kabla ya mihadhara, na suhuba ya watu wema tangu siku za mwanzo.

Nanyi mnaosoma tiba na sayansi, msidhani mko nje ya ibada. Imam Ghazali, katika Ihya Ulumid-Din, aliuhesabu udaktari kuwa fardhi kifaya, akalaumu miji ambayo watu walikimbilia fiqhi huku ikikosa tabibu Mwislamu. Utafiti wa bakteria na vyuma ukinyooshwa nia, ni njia ya kuwaondolea waja wa Allah dhiki.

Mfano huu una mpaka wake, na hapo ndipo penye rehema. Utando wa bakteria ukishakomaa, dawa huweza kushindwa. Toba ya kweli haishindwi, hata na doa lililouenea moyo. Chuma hutolewa kikawekwa kingine. Moyo hauna wa akiba, lakini Mwenye kuusafisha hachoki. Aliyechelewa asikate tamaa, na aliye mapema asingoje.

Ewe Mola wetu, zitangulie nyoyo zetu kwa nuru Yako kabla hazijatanguliwa na kingine, na uwaponye wagonjwa wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.