Nyumba Kuu ya Kale Kando ya Bahari

Nalikuwa mgeni katika nchi ya Uingereza, katika mji mmoja wa pwani ya kusini, na mwenyeji wangu, mzee aliyefanya kazi ya useremala tangu ujana wake, alinichukua siku moja kutembea kando ya bahari. Tukafika mbele ya nyumba kubwa iliyosimama peke yake juu ya genge. Ilikuwa na ghorofa nne, na vyumba vingine chini ya ardhi. Madirisha yake ya mbele yalitokeza nje kama tanga lililoshika upepo, na roshani yake ya chuma ilikuwa imeliwa na kutu. Lipu ya ukuta imebanduka, hata matofali yaonekana. Langoni palisimamishwa kibao cha kusema kwamba nyumba inauzwa, nayo yafaa sana kutengenezwa upya. Bei yake siiandiki, maana nilipoigeuza kwa hesabu ya fedha zetu nalifadhaika.

Nikajiuliza, Je, ni halali mtu atumie mali nyingi namna hii ili kuihuisha fahari ya watu waliokwisha kufa, hali wako walio hai wasio na pa kulala? Siku ile nalidhani jibu ni jepesi. Sasa sidhani hivyo, nami nataka kueleza kwa nini.

Yafaa kwanza tujue nyumba za namna hii zilitoka wapi. Malkia Victoria alitawala tangu mwaka 1837 hata 1901. Katika siku zake gari la moshi liliunganisha miji ya bara na pwani. Reli ya kutoka London ilifika Brighton mwaka 1841. Waganga walisifu hewa ya bahari, na wenye mali wakajenga huko. Kodi ya vioo iliondolewa mwaka 1845, na kodi ya madirisha mwaka 1851, basi watu wakafungua kuta zao kwa mwanga bila kuogopa mtoza kodi. Lakini nyumba hizo hazikuweza kukaliwa pasipo watumishi. Kila chumba kilikuwa na moto wake, na kila moto ulidai ndoo ya makaa ya mawe ichukuliwe juu na majivu yachukuliwe chini. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1891 watumishi wa nyumbani katika Uingereza na Wales walizidi milioni moja. Baada ya vita kuu mbili watumishi hao hawakupatikana tena. Kisha ndege zikaanza kuwapeleka watu Hispania penye jua, na miji ile ya pwani ikapungukiwa na wageni. Nyumba nyingi za fahari zikakatwa vyumba vidogo vidogo, wakapangishwa maskini.

Mzee alijuana na mtunza funguo, tukaingia. Ndani mna ngazi mbili. Ya mbele ni pana, mti wake umechongwa majani na matunda, na mwanga waishukia kutoka juu. Ya nyuma imefichwa nyuma ya mlango mdogo. Ni nyembamba, ina giza, na kila kidato chake kimelika katikati kwa nyayo za wale waliopanda na makaa. Mzee akaweka mkono wake katika tundu la kidato kimoja, akaniambia, "Mchungaji, kila atengenezaye nyumba kama hii huanza na ile ya mbele. Hii huvunjwa, ili ipatikane nafasi ya bafu."

Chini ya ardhi tukakuta wapangaji watatu waliosalia. Walikuwa wamekwisha kupewa barua ya kuondoka, kwa sababu nyumba huuzwa vizuri zaidi ikiwa tupu. Mwanamke mmoja alikuwa akichemsha chai, akatukaribisha. Hakuuliza ni nani atakayenunua. Aliuliza tu kama twajua mahali penye chumba.

Mwaka 1849 John Ruskin aliandika kitabu juu ya taa saba za ujenzi, na ndani yake akashikilia ya kuwa majengo ya kale si mali yetu tuyafanye tutakavyo. Sehemu yake ni ya waliojenga, na sehemu ni ya wote watakaozaliwa. Tena alisema kwamba kulirudisha jengo katika hali yake ya kwanza ni uongo, kwa kuwa mkono uliolichonga umekwisha kufa. William Morris akalifuata wazo hilo, na mwaka 1877 akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale, chenye kufundisha kwamba yapasa kuziba, kushikiza na kuzuia mvua, wala si kuifanya nyumba ijifanye mpya.

Mimi nalilielewa fundisho hilo kwa kukosa. Katika usharika wangu wa kwanza palikuwa na nyumba ya mchungaji iliyojengwa kwa mawe na chokaa. Kuta zilipochakaa naliwashawishi wazee wa kanisa tupige lipu ya saruji, ili kazi idumu. Fundi mmoja mzee akanionya, "Baba Mchungaji, chokaa yapumua, saruji haipumui." Nikamwona mtu wa zamani. Baada ya masika ya tatu maji yaliyoingia ukutani yakakosa njia ya kutoka, na saruji ikaanguka pamoja na uso wa mawe. Hewa ya chumvi kule Uingereza hufanya vile vile, tena ina kuvu iitwayo uozo mkavu, ambayo huyachukua maji kwa nyuzi zake na kupita katika ukuta hata kuzifikia boriti za upande wa pili. Basi mnunuzi wa nyumba ile hanunui kuta tu. Anunua na kazi ya kuzisikiliza.

Lakini hao niliowataja wazungumza juu ya mawe. Na yule mwanamke wa chai je?

Hapa namkumbuka Octavia Hill. Mwaka 1865 Ruskin alinunua nyumba tatu mbovu katika Marylebone, London, akamkabidhi mwanamke huyo. Akazitengeneza wapangaji wake wakiwamo ndani: ngazi, mabomba, vioo, kidogo kidogo, kwa kodi aliyoikusanya kila juma. Hakuwa mpole siku zote. Asiyelipa alitolewa, nami sipendi kulificha jambo hilo. Lakini mwanamke huyo huyo, mwaka 1895, alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha Shirika la Amana ya Taifa la kulinda mahali pazuri na pa kale. Na jengo la kwanza walilonunua, mwaka 1896, kwa paundi 10 tu, lilikuwa nyumba bovu ya kasisi katika kijiji cha Alfriston, Sussex. Kwake yeye, kumhurumia maskini na kuihurumia nyumba kuukuu hazikuwa kazi mbili.

Basi sikubaliani tena na lile wazo langu la kwanza pale langoni. Hakuna maskini apataye kitanda kwa kuanguka kwa paa la tajiri. Tena neno la kusema kwamba manukato haya yangeuzwa na fedha zake kupewa maskini lilikwisha kusemwa Bethania, nasi twajua mfuko ulikuwa mikononi mwa nani. Mwenye uwezo na ainunue, na aanze na paa. Bali ninayo madai mawili. La kwanza ni ngazi ya nyuma. Akiivunja na kuing'arisha ya mbele, atakuwa amefanya uongo ule aliouogopa Ruskin, maana atawaonyesha wageni wake nyumba iliyojiendesha yenyewe. La pili ni gumu zaidi. Tangu miaka ya 1940 serikali ya Uingereza huyaandika majengo ya thamani katika orodha, na leo abadiliye jengo la orodha pasipo ruhusa ahesabiwa mkosaji. Kidato kilicholika chaweza kuwa na mlinzi kwa sheria. Sikuona orodha iliyomwandika mwanamke wa chai, wala mnunuzi hakulazimishwa kuuliza habari zake. Naona alipaswa kuuliza hata hivyo, kabla ya kutia sahihi, na kuhesabu katika gharama zake chumba kimoja kwa kila atakayemwondoa.

Mwenyeji wangu ameniandikia kwamba nyumba imepata mnunuzi, na mafundi wamekwisha kupanda juu ya paa. Juu ya ngazi ya nyuma asema bado ipo. Juu ya wapangaji hakuandika neno. Nimemwuliza katika barua yangu, na jibu halijafika.