Karatasi Nayo ni Shahidi

Kijana akivumbua ya kuwa mzee mwenye heshima amedanganya, afanye nini? Anyamaze kwa ajili ya mvi zake, au aseme? Swali hili si la vijijini mwetu tu. Liliwapata wanazuoni wa London mwaka 1934, na shahidi aliyeikata shauri lao hakuwa mtu, bali nyuzi za karatasi zisizoonekana kwa macho matupu.

Mzee mwenyewe aliitwa Thomas James Wise. Alikusanya vitabu vya washairi wa Uingereza, hasa vile vilivyopigwa chapa mara ya kwanza, ambavyo bei yake ni kubwa. Chuo cha Oxford kilimpa shahada ya heshima, na wachunguzi wa vitabu walimfanya mkuu wa chama chao. Mtu akitaka kujua kitabu fulani kilitoka lini, aliuliza Wise amesema nini, na maneno yakaishia hapo. Basi katika vijitabu alivyovisifu kimoja kilikuwa cha mashairi ya mapenzi ya Bibi Elizabeth Barrett Browning, Sonnets from the Portuguese. Juu yake kiliandikwa kwamba kimepigwa chapa katika mji wa Reading, mwaka 1847. Walakini watu walijua tangu zamani ya kuwa mashairi hayo yalitokea katika kitabu cha mwaka 1850.

Vijana wawili wauza vitabu, John Carter na Graham Pollard, wenye umri wa miaka kama thelathini, waliingiwa na shaka. Nakala zote zilikuwa safi mno, wala hapana hata moja ambayo yule bibi ameiandika jina la rafiki aliyempa. Wakataka karatasi yake ipimwe.

Karatasi ni selulosi, kitu kilichofanyizwa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni, nacho kimo katika pamba, katika majani, na katika miti. Lakini katika mti selulosi imegandamana na kitu kingine kiitwacho lignini. Zamani Waingereza walifanya karatasi kwa matambara ya kitani na pamba. Mwaka 1861 wakaanza kutumia majani ya esparto, yatokayo Hispania na Afrika ya Kaskazini. Kuutumia mti ni kazi zaidi, kwa maana hauna budi kupikwa kwa dawa kali hata lignini itoke. Na karatasi ya mti uliopikwa hivyo haikutumika kwa vitabu vya Uingereza kabla ya mwaka 1874 hivi.

Mpimaji huchukua kipande kidogo, hukichemsha hata nyuzi ziachane, kisha huzitazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Tena anayo maji ya aidini yaliyochanganywa na chumvi ya zinki. Yakidondoshwa juu ya nyuzi za matambara, hugeuka nyekundu kama divai. Nyuzi za mti uliopikwa huwa buluu. Na za mti uliosagwa tu, ungali na lignini yake, huwa manjano. Walimu wenzangu waliopata kudondosha aidini juu ya muhogo mbele ya watoto watalifahamu jambo hili upesi.

Katika kijitabu cha Reading zilionekana nyuzi za mti uliopikwa. Basi, kitabu chawezaje kupigwa chapa mwaka 1847 juu ya karatasi isiyozaliwa bado? Hata herufi zake zilikuwa za namna iliyochongwa baada ya mwaka 1880.

Wengine watasema: Amedhuru nini? Mashairi ni ya bibi yule kweli, hakuna neno lililoongezwa. Mimi sikubali. Mwalimu akimwandikia jirani barua ya mahari, maneno yote yakawa ya kweli ila tarehe akairudisha nyuma miaka mitatu, siku ya baraza barua ile itamnyang'anya mtu ng'ombe wake. Tena bibi yule aliyaficha mashairi yake hata mwaka 1849 ndipo alipomwonyesha mumewe. Tarehe ya uongo ilimfanya kuwa mwanamke aliyeyapiga chapa kabla. Amesingiziwa tendo asilolitenda, naye kaburini hawezi kujibu. Waraka kwa Waebrania hautaji jina la aliyeuandika, wala hakuna anayeuita mwongo kwa hilo. Kunyamaza ni mbali na kusingizia.

Lakini kipimo hakisemi kila jambo. Nyuzi zilisema "si mwaka 1847". Hazikusema ni nani aliyetenda. Hapo nawasifu vijana wale. Mwaka 1933, kabla ya kitabu chao kutoka, Pollard alimwendea mzee nyumbani kwake, akamweleza waliyoyaona. Na katika kitabu hawakuandika kwamba Wise ndiye mghushi. Waliyapanga mambo waliyoweza kuyathibitisha, wakaishia hapo. Mtu asidhani kwamba huo ni woga. Heshima kwa mzee, nionavyo mimi, haikuwataka wanyamaze. Iliwataka wasizidishe hata neno moja juu ya walilolijua.

Wise alijibu kwamba vijitabu alivipata kwa Harry Buxton Forman, ambaye alikuwa amekufa tangu mwaka 1917. Mwaka 1945 zikatolewa karatasi za siri zilizoonyesha kwamba Forman alishiriki kweli katika hila hii, ila si peke yake, bali pamoja na Wise mwenyewe.

Wise alikufa mwaka 1937 asikiri, na British Museum wakavinunua vitabu vyake. Katika miaka ya 1950 mchunguzi mwingine, David Foxon, alivilinganisha vitabu vya michezo ya kale vya Wise na nakala za zamani za British Museum, akaona kurasa za nyumba ile zimechanwa na kutiwa katika vitabu vya mzee. Kumbe walikuwa wamenunua karatasi zao wenyewe.