Kumuonya mvutaji ni kusaidia dhambi?

Vijana wetu wa mjini wameanza kutuuliza walimu wa dini swali ambalo si lile la zamani, kwamba sigara ni halali au haramu. Hilo limeshazungumzwa sana. Hata kuhusu sigara za umeme, Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia liliamua Desemba 2015 kuwa ni haramu, nami sina la kupinga. Swali ni hili: anayeijua hatari ya kifaa hicho, je, amfundishe mvutaji kuchagua betri na koili zisizomlipukia? Au huko ndiko kusaidiana katika dhambi, jambo lililokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 2?

Tukielewe kwanza kifaa chenyewe. Vipo vya bomba la chuma tupu, visivyo na saketi ya kinga. Ndani mna betri, juu yake koili, yaani waya unaochemsha maji ya nikotini, na kitufe. Ukibonyeza, umeme unakwenda moja kwa moja, hakuna cha kuuzuia. Hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari: gawa volti kwa omu. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Koili ya omu 0.5 itavuta ampea 8.4, ya omu 0.2, ampea 21. Ya omu 0.1, ampea 42. Betri nzuri za ukubwa wa 18650 huhimili ampea 20 hadi 25 hivi mfululizo. Lakini wapo wafanyabiashara wanaozivisha ganda jipya lililoandikwa 35 au 40. Kijana kapiga hesabu sawasawa, kumbe tarakimu aliyoitegemea ni ya uongo!

Matokeo yake yameonekana Marekani. Mei 2018, huko St. Petersburg, Florida, kifaa cha namna hii kililipuka na kumuua mtu wa miaka 38; kipande kilimwingia kichwani. Januari 2019, kijana wa miaka 24 wa Fort Worth, Texas, alikatwa mshipa mkuu wa shingo, akafariki.

Wanaotaka tunyamaze wana hoja: mtu akihakikishiwa usalama atazidi kuvuta. Kwa baadhi ni kweli. Lakini huyu atabonyeza kitufe usiku wa leo, umwambie usimwambie. Wanachuoni wa usul wametufundisha kuwa madhara mawili yakikutana huchukuliwa lililo jepesi, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Mapafu huharibika taratibu, na muda wote huo mlango wa toba uko wazi. Bomba likipasuka usoni, muda huo haupo.

Kwa hiyo tutofautishe. Kumwambia asitumie betri iliyochanika ganda, asiichanganye na sarafu mfukoni, asiamini kila kilichoandikwa, hiyo ni nasaha. Kumfungia koili ya omu 0.1 ili atoe moshi mzito, huko ndiko kusaidia.

Muuzaji ana hesabu yake peke yake. Mtume (s.a.w.) alimkemea mwenye chakula aliyeficha unyevu chini ya rundo, sembuse aandikaye 40 juu ya betri ya 20?

Na mzazi akiikuta betri hiyo kwenye begi la mwanawe, imelala na funguo, aitenganishe kwanza na funguo. Mazungumzo ya haramu yafuate baada ya hapo.