Kupiga hodi kwa ajili ya kura



Mara nyingi twasikia watu wakinung'unika: «Wanasiasa hutujua siku za kura tu. Wakiisha kupata kiti, wanaisahau njia ya nyumba yetu.» Neno hilo ni la kweli mahali pengi. Lakini tujiulize: je, kumwendea jirani kumwomba kura ni jambo baya lenyewe? Au ubaya watoka katika namna ya kumwendea? Tutwae mfano mmoja, tuupime.

1. Mji wa Richmond

Katika jimbo la California, huko Marekani, upo mji wa Richmond, wenye watu zaidi ya 100,000. Humo mna kiwanda kikubwa cha kusafisha petroli, mali ya kampuni ya Chevron. Kwa miaka mingi fedha za kampuni hiyo zilikuwa na nguvu katika mashauri ya mji. Mwaka 2004 mama mmoja wa chama kidogo cha Kijani, Gayle McLaughlin, alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la mji. Mwaka 2006 akawa meya, na mwaka 2010 akachaguliwa tena. Yeye na wenzake, wengine wa vyama vingine na wengine wasio na chama, waliungana pamoja, wakakataa kupokea fedha za makampuni. Asiye na fedha sherti awe na miguu: walikwenda mlango kwa mlango.

Tena sheria ya California, tangu mwaka 1911, yawapa raia uwezo wa kutoa shauri la sheria wao wenyewe. Wakikusanya sahihi za kutosha, swali lao huandikwa katika karatasi ya kura, na kila mpiga kura hujibu ndiyo au hapana. Hivyo hata chama kisicho na kiti kimoja chaweza kuuliza mji mzima swali. Uwezo huo ni mkubwa. Kwa hiyo na wajibu wake ni mkubwa.

2. Swali latoka wapi?

Mwaka 2012 wapiga kura wa Richmond waliulizwa kama wakubali kodi juu ya vinywaji vya sukari. Nia ilikuwa njema: kulinda afya ya watoto. Lakini karibu theluthi mbili walijibu hapana. Kwa nini? Makampuni ya vinywaji yalitumia zaidi ya dola milioni 2 kuipinga, ndiyo kweli. Lakini fedha peke yake haitoshi kueleza. Mwaka 2014 Chevron ilitumia karibu dola milioni 3 katika uchaguzi wa mji huo huo, na watu iliowapinga wakashinda. Basi tusikie pia waliyosema wengi: kwamba kodi hiyo itamwangukia maskini.

Mwaka 2016 likaja swali jingine: kuwekea mpaka upandishaji wa kodi za nyumba. Wenye nyumba walipinga kwa nguvu, lakini watu karibu 65 katika kila 100 walisema ndiyo. Kodi ya nyumba hapana haja ya kumfundisha mtu uchungu wake. Huujua kila mwisho wa mwezi. Nadhani hapo pana fundisho. Jambo jema lililoandaliwa mezani na kupelekwa mlangoni huonekana kama amri ya wenye elimu. Jambo lililosikiwa mlangoni, kisha likaandikwa, wenyewe hulitambua kuwa lao.

3. Karatasi ya majina

Sasa tufike penye ugumu. Huko Marekani vyama hupata orodha ya wapiga kura. Yaonyesha nani hupiga kura mara kwa mara na nani hapigi, ingawa haionyeshi alimpa nani. Mwenye kupanga kazi husema: «Tuna watu kumi na siku chache. Tugonge kwa wanaopiga kura tu, wengine tuwapite.»

Je, ana haki? Hesabu yake ni sawa. Chama kidogo kikitawanya nguvu kitashindwa, na kikishindwa hakitamsaidia mtu. Lakini tazama ni nani anayepitwa: mgeni asiye na uraia, kijana aliyekata tamaa, mama anayefanya kazi usiku na mchana. Hao nao hulipa kodi ya nyumba na kuvuta moshi wa kiwanda. Kama hakuna awaulizaye, watazidi kunyamaza. Na kwa kuwa wamenyamaza, hakuna atakayewauliza.

Jibu langu ni kutenga nyakati mbili. Kabla ya swali kuandikwa, chama kichague mitaa michache, kigonge kila mlango, bila orodha, kisikilize tu. Majuma ya mwisho, kitumie orodha kama hesabu inavyotaka. Kazi ya kwanza ni ya polepole, wala haileti kura siku ile. Lakini bila hiyo, ya pili ni uwindaji tu.

4. Maneno yaliyo wazi

Swali liandikwe hata asiyesoma sana alifahamu. Mtu akijibu ndiyo akidhani amesema hapana, ameibiwa sauti yake, hata kama jambo lenyewe lina faida. Tena mwenye kukusanya sahihi aseme gharama pamoja na faida. Jirani aliyefichwa gharama leo atafunga mlango kesho, na kwa haki.

5. Baada ya kura

Kwa desturi yetu mwenye kupiga hodi husimama nje. Akiitikiwa karibu, huingia. Asipoitikiwa mara ya tatu, huenda zake bila hasira. Hodi ni ombi, si amri. Basi mwenye kutafuta kura na ajipime kwa hodi yake. Je, yu tayari kusikia hapana? Je, atapita tena njia ile, akiwa ameshinda au ameshindwa, aseme: «Mlitujibu hivi, nasi tumefanya hivi»?

Chama kikirudi hivyo, hata kilichoshindwa hakikupoteza kazi yake, maana kimeacha mitaani watu waliozoea kuulizwa na kujibu. Kisiporudi, hata kikishinda, wale wanaonung'unika wamesema kweli.