Je, Yafaa Kumficha Mchumba Mbele ya Ubalozi?

Swali hili limetufikia mara nyingi siku hizi, wala si kutoka mjini Dodoma tu, bali hata kutoka sharika za vijijini. Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, twaona yafaa tulitazame pamoja.

Jambo lenyewe huwa hivi. Kijana wa Ujerumani huja kwetu kusaidia kazi ya hospitali au shule kwa mwaka mmoja, akajuana na binti wa hapa, nao wakachumbiana kwa heshima, wazazi wakijua. Kijana akiisha kurudi kwao, wazazi wake hutamani kumwona binti, wakampelekea mwaliko wa majuma matatu. Binti hupanda gari la moshi (ambalo tangu 2024 halina moshi, kwani laenda kwa umeme) mpaka Dar es Salaam, kwa kuwa balozi nyingi zingali huko ijapokuwa Dodoma ndiyo makao makuu. Hulipa euro 90, ambazo hazirudishwi, akatoa alama za vidole vyake, akangoja. Mwisho hupewa karatasi yenye alama katika mraba mmoja, na maana yake ni kwamba pana shaka kama atatoka katika nchi zile kabla ya viza yake kwisha.

Hapo ndipo washauri huanza kuja. Mmoja husema, "Ulikosea kumtaja mchumba. Omba tena, useme wewe ni mtalii." Wa pili humshauri aazime fedha, aziweke benki kwa siku chache ili akiba yake ionekane nono. Wa tatu humwendea mchungaji wake, amwandikie barua kwamba binti ni mwalimu wa chekechea wa usharika, hali hajafundisha hata siku moja.

Tukiri kwamba washauri hawa hawasemi bila sababu. Kanuni ya viza ya nchi za Ulaya, iliyotungwa mwaka 2009, humwagiza afisa achunguze kama mwombaji anakusudia kurudi kwao. Waingereza nao hutaka kujua kama mtu ni mgeni wa kweli, na sheria ya Marekani humhesabu mwombaji wa viza ya matembezi kuwa mhamiaji mpaka aonyeshe kwamba sivyo. Sasa binti akisema, "Naenda kumwona mchumba wangu," afisa husikia pia, "Ninaye mtu wa kunifanya nibaki." Sababu ya safari yageuka kuwa sababu ya kumkatalia. Hili ni fumbo gumu, wala hatuwacheki wanaoumia kwa ajili yake.

Na kusudi ni kitu gani? Haliko mkobani, wala halipigwi mhuri. Afisa hawezi kuliona, basi husoma karatasi badala ya moyo. Tarehe 19 Desemba 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu katika shauri la Koushkaki, Mwirani aliyekataliwa na Ujerumani. Ilisema kwamba si lazima afisa awe na hakika kwamba mwombaji atarudi. Atazame tu kama pana shaka yenye msingi. Twaiona hukumu hiyo kuwa ya busara, maana hata binti mwenyewe hawezi kuapa juu ya mambo ya mwezi ujao.

Wala tusimhukumu afisa upesi. Sisi wenyewe hutangaza ndoa kanisani Jumapili tatu, tukiuliza kama yuko mwenye kizuizi. Je, twawatukana bwana na bibi harusi? Sivyo, bali hatuoni mioyo. Lakini tofauti ipo, nasi hatutaificha: matangazo yetu ni yale yale kwa tajiri na maskini, lakini yule kijana wa Ulaya alipokuja kwetu kama mgeni alilipa dola 50, wala hakuna aliyemwuliza ana ng'ombe wangapi kwao. Mtu akiliona jambo hili kuwa si la haki, hatumpingi.

Hata hivyo lile swali letu bado lipo. Wengine hutuletea habari ya Ibrahimu, ambaye alipokuwa akiingia Misri alimwambia Sara aseme kwamba yeye ni dada yake. Wasema, "Naye alikuwa baba wa imani!" Vema, lakini waisome habari yote. Baadaye tunaambiwa kwamba Sara alikuwa kweli dada yake kwa baba. Basi neno lile lilikuwa nusu ya kweli, nalo lilitumika kuifukia nusu ya pili. Na aliyelipa gharama ni nani? Ni Sara, aliyechukuliwa nyumbani mwa Farao, na nyumba ya Farao iliyopigwa kwa mapigo bila kujua sababu.

Hatusemi kwamba kunyamaza ni uongo. Binti halazimiki kumfungulia afisa barua zake za mapenzi, wala kueleza asiloulizwa. Lakini fomu yauliza waziwazi: waenda kwa nani, na kwa kusudi gani? Akijibu "utalii" hapo, amemkana kwa maandishi mtu anayetaka kuwa mumewe. Na maandishi hayo hayapotei. Katika daftari la viza la nchi za Schengen hukaa miaka 5. Na Uingereza, aliyedanganya katika maombi yake aweza kufungiwa mlango miaka 10. Tena mwenye kuona mbali ajiulize: wawili hawa wakiisha kuoana, naye akaomba kwenda kukaa na mumewe, atawaambiaje kwamba upendo wao ulikuwapo tangu mwanzo, ikiwa karatasi yake ya kwanza yasema kwamba hakwenda kwa mtu?

Twamshauri basi aseme kweli yote, naye aionyeshe vizuri, kwa maana mara nyingi kweli yetu hukosa karatasi. Katika nchi yetu ya Ugogo utajiri umesimama zizini, wala hauonekani katika taarifa ya benki. Binti mwenye sehemu katika shamba la zabibu upande wa Hombolo ana mizizi kweli, lakini afisa aliyeko Dar es Salaam ataijuaje? Jamaa na waende kwenye serikali ya kijiji, waombe hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kama anamtunza mama mgonjwa, kama amesajiliwa chuoni, kama ana duka lenye leseni, na aambatishe. Hati ya mwenyeji ya kudhamini gharama yafaa, lakini ijulikane kwamba yajibu swali la fedha tu, wala haijibu swali la kurudi.

Nasi wachungaji na wainjilisti, tunapoombwa barua, tuandike yale tuliyoyaona: kwamba twamjua tangu mwaka fulani, kwamba uchumba wao umetangazwa kwa wazazi, kwamba yumo katika kwaya, ikiwa yumo. Tusiandike, "Twathibitisha atarudi." Hilo hatukuliona. Barua ya namna hii aweza kuionyesha popote bila hofu, hata wakimpigia simu mchungaji kumwuliza.

Je, akikataliwa tena? Yaweza kutokea, wala hatutamdanganya mtu kwamba kweli hufungua kila mlango. Ujerumani ilifuta tarehe 1 Julai 2025 ile njia ya kuusihi ubalozi uutazame upya uamuzi wake. Imebaki kuomba upya, au kushtaki mahakamani Berlin katika muda wa mwezi mmoja. Uingereza iliondoa mwaka 2013 haki ya rufani iliyokuwapo kwa wageni wa kifamilia. Katika mambo hayo binti asikubali wanakijiji wamseme kana kwamba amepatikana na hatia. Amekataliwa ruhusa tu, hakuhukumiwa.

Na iko njia moja ambayo vijana wetu huisahau. Kwa desturi yetu mwenye kuposa ndiye anayesafiri. Kijana na aje Dodoma, aje na wazazi wake wakiweza, wakae na wakwe, wale ugali na mlenda, walione zizi. Wakiwa tayari kufunga ndoa hapa, sheria yetu ya ndoa ya 1971 yataka taarifa ya siku 21. Kisha binti ataomba viza ya mke, ambayo haimtaki aahidi kurudi baada ya majuma matatu. Ujerumani itamdai cheti cha Kijerumani cha mwanzo kabla ya safari, na kwa masomo hayo aweza kuanza leo.