FEDHA INAYOBAKI KATIKA MRADI WA MAJI: NI YA NANI, NA IENDE WAPI?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyeyafanya maji kuwa uhai wa kila kiumbe. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu wa Kalundu.

Mji wetu wa Uvira unategemea maji ya Mto Mulongwe yanayosafishwa na Regideso. Kwa ajili ya maji hayo, fedha za msaada zimetolewa na Umoja wa Ulaya, shirika la maendeleo la Ufaransa (AFD), Oxfam na wengineo. Na kila penye mradi huweza kufika siku ambapo kazi imekwisha, au imesimama, na fedha imebaki. Hapo maneno huanza. Mtaa uliopewa mradi husema: ni yetu, tuongezewe robine. Mtaa mwingine husema: sisi hatuna hata moja. Na msimamizi anaweza kunong'onezwa na nafsi yake kwamba kilichobaki hakina mwenyewe.

Serikali na wafadhili wana kanuni zao za kuhamisha fedha. Leo tuangalie mizani ya dini yetu. Tujiulize maswali matatu.

SWALI LA KWANZA: IMEBAKI KWA NINI?

Kuna salio la halali: bei ya mabomba imeshuka, au wananchi wamejitolea kuchimba mtaro. Na kuna salio la udanganyifu: bomba limefukiwa juu juu, saruji imepunguzwa, robine kumi zimeandikwa na sita zimejengwa. Salio la namna hii ni deni. Kabla ya kuuliza iende wapi, irudi kwanza imalize kazi iliyoibiwa.

SWALI LA PILI: NI YA NANI?

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, Allah (S.W.) anatuamrisha kuzifikisha amana kwa wanaostahiki. Fedha ya msaada ni amana tangu franka ya kwanza mpaka ya mwisho. Haigeuki kuwa mali ya kamati kwa sababu kazi imekwisha.

Bukhari na Muslim wamepokea habari za Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akamlaumu mbele ya watu, akauliza kama zawadi hiyo ingemfikia lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake. Basi anayegawa salio la mradi kwa jina la «posho ya shukrani» ajiulize: lau nisingekuwa kwenye kamati, ningeipata?

SWALI LA TATU: IENDE WAPI?

Hapa ndipo penye uzito, kwa kuwa watu wa nia njema pia huvutana.

Wanazuoni walijadili zamani jambo linalofanana nalo, yaani ziada ya wakfu. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunaifuata, masharti ya mwenye kutoa yamekazwa sana. Katika madhehebu ya Hanbali, mikeka na mafuta ya taa yaliyozidi mahitaji ya msikiti mmoja yaliruhusiwa kupelekwa msikiti mwingine. Msaada wa serikali si wakfu, lakini fundisho linatufaa: mtoaji aulizwe, na ziada ifuate jinsi yake. Kilichotolewa kwa maji kibaki katika maji. Kisinunue gari la mkubwa.

Je, kitoke mtaa huu kiende mtaa ule? Abu Ubayd katika Kitabul-Amwal amepokea kwamba Muadh bin Jabal (R.A.) alikuwa Yemen zama za Umar (R.A.), akampelekea Madina theluthi ya zaka ya watu wa huko. Umar hakufurahi. Alimwambia kwamba hakumtuma kukusanya kodi, bali achukue kwa matajiri wa pale na kuwarudishia maskini wa pale pale. Muadh akajibu kwamba asingempelekea kitu lau angempata wa kukipokea. Mwaka wa pili akapeleka nusu, na wa tatu yote. Kila mara Umar akauliza, na kila mara jibu likawa hilo hilo.

Tazameni, ndugu zangu. Fedha ilihama, lakini baada ya wenye haki wa pale kutoshelezwa. Na Umar alihoji ingawa fedha ilikuwa inaingia katika hazina yake mwenyewe. Ni wangapi leo huhoji fedha inayokuja upande wao?

Atasema mtu: maswali haya yanachelewesha, na watu wanakufa. Neno hilo ni la kweli, tusilipuuze. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, juu ya Uvira yetu katika miaka ya 2009 hadi 2014, ulionyesha kwamba baada ya siku moja bila maji ya robine, wagonjwa waliopokelewa kituo cha kipindupindu katika siku 12 zilizofuata waliongezeka zaidi ya mara mbili. Na usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, siku chache kabla ya Ramadhani, Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kuharibu mitambo ya maji. Mambo yakifika hapo, fedha iliyokaa benki ikingoja mhuri nayo ina hesabu yake mbele ya Allah. Kuchelewesha amana ni aina ya kuivunja.

Lakini dharura inaruhusu haraka, hairuhusu siri. Fedha ihamishwe leo, na hesabu isomwe mbele ya watu: kiasi gani, kimetoka wapi, kimeenda wapi, kwa idhini ya nani. Muadh alipeleka, kisha akajibu.

Limebaki lililo zito kwetu sisi wenyewe. Kuwadai viongozi hesabu ni rahisi. Je, robine zetu zikitoka maji, na mtaa wa jirani wakiwa bado wanabeba bidoni kutoka ziwani, tutakubali salio liende kwao? Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake, kisha ndoo yake ikawa sawa na ndoo ya Mwislamu yeyote. Alitoa chake. Sisi tunaombwa tuachie kisichokuwa chetu, na tunaona vigumu. Na maji hayana dini: Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, ibara ya 48, imehakikisha haki ya kupata maji safi. Kipindupindu nacho hakiulizi mtaa wala msikiti. Kikianza kwa jirani, kesho kiko kwetu.

Basi mkutano wa maji ukiitwa na shefu wa kartie, tuhudhurie, baba na mama. Tuulize maswali haya matatu kwa adabu. Aliye kwenye kamati aandike kila franka. Na haki ikiwa kwa wenzetu, tuseme hivyo, hata kama inatupunguzia.

Ee Allah, tujaalie tuwe wenye kutunza amana, utunyweshe maji safi duniani, na utunyweshe kesho katika Hodhi ya Mtume wako (S.A.W.). Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina jina la Allah. Usiitupe ovyo; ukimaliza kusoma, mpe jirani.)